Kamongo wa Baringo na asili ya maungo ya binadamu

WAVUVI wa Kampi ya Samaki, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Baringo, wanamtambua kamongo kwa tabia moja. Kila baada ya muda hupanda hadi juu, hutoa kinywa nje ya maji, huvuta hewa, kisha huzama tena. Akizuiliwa chini kwa muda mrefu asiweze kupanda, hukata roho kwa kukosa pumzi. Kwa maneno mengine, huyu ni samaki anayeweza kufa maji.

Kambare naye huvuta hewa, lakini kwa kiungo tofauti kilichoota juu ya matamvua yake. Kamongo ana mapafu kamili, mawili, yenye mishipa ya damu inayorudi moja kwa moja kwenye moyo ambao tayari umeanza kugawanyika vyumba.

Si mwenyeji wa ziwa hilo. Aliletwa katika miaka ya 1970 kutoka upande wa Ziwa Victoria, akastawi hadi akawa miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi Baringo. Wapo wasiomtia kinywani kwa sababu ya umbo lake linalofanana na la nyoka. Kwa Waganda wa ukoo wa Mmamba, kamongo ndiye mnyama wa ukoo, na ni mwiko kumla.

Sayansi nayo inamtazama kamongo kwa jicho la unasaba, ingawa kwa sababu nyingine. Uchunguzi wa mifupa, na baadaye wa chembe za urithi, umeonyesha kwamba kamongo ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu kuliko alivyo jamaa wa tilapia anayeuzwa naye kwenye meza moja. Babu wa pamoja wa kamongo na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Babu anayewaunganisha wawili hao na tilapia ni wa kale zaidi ya huyo.

Mtu anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza huenda akacheka. Hata hivyo, madaktari wa upasuaji, wakunga na wanaotibu maumivu ya mgongo hukutana na matokeo yake kila siku, wawe wanayafikiria kwa jina hilo au la. Mwili wa binadamu haukubuniwa upya kwa ajili ya maisha anayoishi. Ulirithiwa kiungo kwa kiungo kutoka kwa viumbe walioishi maisha mengine kabisa, ukakarabatiwa hatua kwa hatua huku mwenye nyumba akiendelea kukaa ndani. Mengi ya maradhi yasiyotokana na viini vya ugonjwa, mathalan ngiri na kuteguka kwa pingili za kiuno, yana mizizi katika ukarabati huo.

Bonde la Ufa la kati, kutoka Nakuru kuelekea kaskazini hadi Baringo na Samburu, ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako sura za mwisho za historia hii zimehifadhiwa ardhini. Sura za mwanzo, zile za baharini na mitoni, visukuku vyake viko mbali na Kenya. Lakini alama zake zinatembea, kuruka na kuogelea katika eneo hilo hilo la Nakuru na Baringo.

Pumzi kabla ya nchi kavu

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alidhani kwamba mapafu yalitokana na kibofu cha hewa ambacho samaki wengi hukitumia kuelea. Utafiti wa baadaye umepindua mpangilio huo. Mapafu ndiyo yaliyotangulia, yakiwasaidia samaki wa kale waliohitaji hewa zaidi ya ile waliyoipata majini, na kibofu cha kuelea ndicho kilichotokana nayo. Wazee wa binadamu, basi, hawakutoka majini kwanza kisha wakatafuta namna ya kupumua. Walikuwa na mapafu tayari wakiwa bado samaki.

Mapafu hayo yalianza kama tawi la njia ya chakula, na mpaka leo mtoto aliye tumboni mwa mama huyaunda kwa namna hiyo hiyo: katika wiki ya nne hivi ya mimba, kichipukizi huota upande wa mbele wa mrija ambao baadaye utakuwa umio. Kwa kuwa bomba la hewa liko mbele, na pua ziko juu ya kinywa, njia ya hewa na njia ya chakula hulazimika kukatana kooni. Kifuniko kidogo hufunga mlango wa hewa kila mtu anapomeza. Kikichelewa hata kwa nukta moja, mtu hupaliwa. Fundi wa mabomba ambaye angekabidhiwa kazi hiyo upya asingethubutu kupitisha mabomba mawili katika njia panda moja, lakini maumbile hayakupata nafasi ya kubomoa na kuanza tena.

Mfupa mmoja, miwili, kisha mingi

Wanaotembelea Ziwa Nakuru huwashangaa heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, kwa kuwa goti lao huonekana kukunjika kwa nyuma. Kwa hakika goti la heroe halionekani kwa urahisi. Limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Kinachokunjika kwa nyuma ni kifundo cha mguu, na sehemu ndefu iliyo chini yake ni wayo uliorefushwa. Punda milia wanaolisha kwenye ufuo wa ziwa hilo nao husimama juu ya ncha ya kidole kimoja kwa kila mguu. Kwato ni ukucha.

Mpangilio wa mifupa ulio chini ya ngozi ni ule ule mmoja. Katika mkono wa mtu, bawa la heroe, bawa la popo na mguu wa mbele wa punda milia, kuna mfupa mmoja wa juu, kisha miwili inayoambatana, ingawa kwa wanyama wengine miwili hiyo imeungana, kisha mifupa midogo mingi ya kifundo, na mwisho vidole. Richard Owen, bingwa wa Uingereza wa karne ya 19 katika elimu ya mifupa, aliueleza mpangilio huo kwa ufasaha mkubwa ingawa alikuwa mpinzani wa maelezo ya Darwin kuhusu chanzo chake.

Swali lililobaki kwa muda mrefu ni wapi mpangilio huo ulipoanzia. Mwaka 2004, kwenye kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada, kundi la watafiti wakiwemo Neil Shubin na Ted Daeschler lilichimbua samaki wa miaka milioni 375 aliyepewa jina la Tiktaalik. Alikuwa na magamba na mapezi. Lakini ndani ya pezi la mbele mlikuwa na mfupa mmoja, kisha miwili, kisha midogo iliyoweza kukunjika kama kifundo cha mkono. Vilevile alikuwa na shingo, kitu ambacho samaki hana.

Si lazima Tiktaalik awe babu wa moja kwa moja. Nyayo za wanyama wenye miguu zilizotangazwa mwaka 2010 nchini Polandi zinaonekana kuwa za zamani kuliko yeye, jambo linaloonyesha kwamba mabadiliko yalianza mapema zaidi na kwamba Tiktaalik alikuwa tawi lililochelewa kuondoka. Anachothibitisha ni kwamba viumbe wa kati walikuwepo.

Kamongo naye ana ushahidi wake. Mapezi yake ni membamba kama uzi na hayaelekei kufaa kwa lolote. Mnamo 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba kamongo wa Afrika Magharibi hutumia mapezi ya nyuma kuinua mwili na kupiga hatua kwenye sakafu ya tangi la maji, akipishanisha kulia na kushoto. Kutembea, kama ilivyokuwa kwa kupumua, kulianza chini ya maji.

Taya lililogeuka sikio

Ndani ya sikio la mwanadamu mna mifupa mitatu midogo kuliko mifupa yote ya mwili: nyundo, fuawe na kikuku. Mwaka 1837 mwanasayansi wa Ujerumani, Karl Reichert, akichunguza viinitete vya wanyama, aligundua kwamba nyundo na fuawe huanza kuota kama sehemu ya taya. Katika mjusi na mamba, mifupa hiyo miwili ndiyo bawaba ya taya mpaka leo. Kikuku nacho kilitokana na mfupa ambao kwa samaki hushikilia taya kwenye fuvu.

Visukuku vya zaidi ya miaka milioni 200 vimeonyesha wanyama wadogo waliokuwa na bawaba mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya. Bawaba mpya ilipoimarika, mifupa ya ile ya zamani ilibaki huru kusafirisha sauti. Ndiyo maana taya na sikio ni majirani wa karibu hivyo. Anayeweka kidole mbele ya tundu la sikio na kufungua kinywa atausikia mfupa wa taya ukiteleza hapo hapo.

Kipande cha mfupa wa sehemu hiyo hasa ya kichwa kilipatikana mwaka 1965 katika tabaka za Chemeron, magharibi mwa Ziwa Baringo, na John Kimengich. Kwa zaidi ya miaka 25 hakikuwa na makao katika nasaba ya binadamu. Mwaka 1992 Andrew Hill na wenzake walitangaza kwamba kina umri wa miaka milioni 2.4, na kwamba mahali kinapokaa kishimo cha bawaba ya taya panafanana na pa jenasi ya Homo, ambayo ni yetu. Wengine hawakuridhika kwamba kishimo kimoja kinatosha kumpa mtu jina. Mjadala huo haujafungwa.

Katika wiki za mwanzo za mimba, shingo ya kiinitete huwa na mikunjo kadhaa inayofuatana. Kwa samaki, mikunjo hiyo hujenga matamvua. Kwa mtoto wa binadamu hujenga taya, mifupa ya sikio, misuli ya uso na zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Si kwamba mtoto huwa na matamvua, kama baadhi ya vitabu vya zamani vilivyodai. Matofali ni yale yale, nyumba ni nyingine.

Neva inayolihudumia zoloto inasimulia habari hiyo kwa namna ya ajabu zaidi. Inatoka ubongoni, inapita karibu kabisa na zoloto bila kusimama, inashuka hadi kifuani, upande wa kushoto inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha inapanda tena shingoni. Katika samaki, ambaye hana shingo, neva kama hiyo ilikwenda kwa njia fupi nyuma ya mshipa wa damu wa tamvua. Shingo iliporefuka na moyo ukashuka, neva ilinaswa upande wa pili wa mshipa, ikavutwa.

Twiga wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru wana pingili saba tu za shingo, idadi ile ile aliyo nayo binadamu. Kwao neva hiyo husafiri mita kadhaa kwenda na kurudi ili kufika mahali palipo karibu tu na ulipo ubongo. Kwa binadamu mzunguko huo una athari ya moja kwa moja: wakati wa upasuaji wa rovu, neva hupita nyuma ya tezi inayokatwa. Ikiguswa vibaya, mgonjwa huamka na sauti ya kukwaruza.

Mkia uliopotea

Karibu na Baragoi, katika Kaunti ya Samburu, kuna mahali panapoitwa Nachola. Huko wataalamu wa Japani wakishirikiana na wenzao wa Kenya walichimbua mifupa mingi ya nyani mkubwa wa miaka milioni 15 hivi, akaitwa Nacholapithecus. Miongoni mwa mifupa hiyo ni ya mwisho wa uti wa mgongo, na inaonyesha waziwazi kwamba mnyama huyo hakuwa na mkia. Alikuwa na kifandugu, kama alicho nacho kila msomaji.

Kwa miaka mingi haikujulikana mkia ulipoteaje. Mwaka 2024, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulitaja chanzo kimojawapo: kipande kifupi cha chembe za urithi kilichojipachika katikati ya jeni inayoongoza ukuaji wa mkia. Kipande hicho kipo kwa binadamu, sokwe na nyani wengine wasio na mkia. Kima na tumbili hawana. Watafiti walipowatia panya badiliko linalofanana na hilo, baadhi yao walizaliwa bila mkia au wakiwa na kigutu.

Mfupa wa paja kutoka Tugen

Milima ya Tugen, inayoonekana kama ukuta magharibi mwa barabara ya kutoka Marigat kwenda Kampi ya Samaki, ni bamba la ardhi lililoinuliwa na kuinamishwa Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Kuinama huko kumeyaweka wazi matabaka yaliyotandikwa kwa takriban miaka milioni 16. Katikati yake mna tabaka za lava na majivu ya volkeno, na hizo ndizo saa ya wanajiolojia. Potasiamu iliyomo ndani ya majivu hubadilika polepole mno kuwa gesi ya agoni. Ikipimwa gesi iliyokusanyika, umri wa tabaka hujulikana, na mfupa uliokaa kati ya tabaka mbili hupata umri usiozidi wa ile ya chini wala kupungua wa ile ya juu.

Wakazi wa eneo hilo wamechangia ugunduzi mwingi kuliko majina yao yanavyotajwa. Kiptalam Cheboi, mathalan, ndiye aliyeliona mwaka 1984 taya la Tabarin, lenye zaidi ya miaka milioni 4.

Mnamo 2000, kundi lililoongozwa na Martin Pickford na Brigitte Senut lilipata katika tabaka za Lukeino vipande vya mifupa ya kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Alipewa jina Orrorin tugenensis. Neno la kwanza limetoka katika lugha ya Kitugen na linahusu mtu wa asili. Magazeti, kwa kuwa mwaka ulikuwa huo, yalimbatiza mtu wa milenia.

Kilichozua msisimko ni mifupa ya paja. Shingo ya mfupa huo, pale unapoingia nyongani, ni ndefu kiasi, na nyuma yake kuna mfuo ulioachwa na msuli ambao kwa anayesimama wima hukaza kiungo hicho. Waliomgundua walisema kwamba Orrorin alitembea kwa miguu miwili. Wenzao walitaka ushahidi zaidi. Picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zilizochapishwa mwaka 2004 zilipingwa kwa kutokuwa wazi vya kutosha. Mwaka 2008, Brian Richmond na William Jungers walilinganisha vipimo vya mfupa huo na vya binadamu, nyani na visukuku vingine, wakakubali kwamba ni wa kiumbe aliyetembea wima, kwa namna inayofanana na Australopithecus wa baadaye. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2013 ulimweka katikati, baina ya nyani wa kale na Australopithecus.

Hata hivyo Orrorin hakuwa ameihama miti. Mfupa wa kidole chake umepinda kama wa mnyama anayeshika matawi, na mkono wake una alama za misuli ya kupanda. Huyu alikuwa mpanda miti aliyeweza kutembea, na wazo la zamani kwamba nyika ilitanda kwanza, miti ikaisha, ndipo watu wakalazimika kusimama, haliwezi kubaki kama lilivyokuwa likifundishwa.

Mfupa wa ncha ya kidole gumba chake nao umekuwa mada. Ni mpana, unafanana na wa binadamu kuliko wa sokwe. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zilizotangazwa mwaka 2015 kutoka Lomekwi huko Turkana, zina miaka milioni 3.3. Mashoka ya mawe ya Kariandusi, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru karibu na Ziwa Elementaita, baadhi yake yakiwa ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ni ya jana tu kwa hesabu hii, kwani hayazidi sana miaka milioni 1. Iwapo kidole gumba hicho kimesomwa sawasawa, basi umbo la mkono wetu lilianza kuwepo mamilioni ya miaka kabla ya kazi ambayo wengi hudhani ndiyo iliyoliumba.

Gharama ya kusimama

Uti wa mgongo wa mnyama wa miguu minne ni kama boriti iliyolala juu ya nguzo, na matumbo yananing'inia chini yake. Binadamu ameisimamisha boriti hiyo ikawa nguzo. Ili kichwa kikae juu ya nyonga, nguzo imelazimika kupinda mara kadhaa, na uzito wote wa juu hukutana kwenye pingili za mwisho za kiuno. Visahani vya gegedu vilivyo katikati ya pingili hizo huchakaa, huvimba, na wakati mwingine huchomoza na kubana neva. Kuli wa sokoni mjini Nakuru, mama aliyebeba kuni na karani aliyeketi kutwa nzima wanalalamika mahali pale pale.

Ngiri ya kinena ina historia ndefu zaidi. Korodani za samaki hukaa ndani kabisa, mbele karibu na ini. Za mtoto wa kiume huanza kuota juu, karibu na figo, kisha hushuka na kupenya ukuta wa tumbo hadi nje. Njia zinayopitia hubaki kuwa sehemu dhaifu. Mnyama wa miguu minne haielemei sana sehemu hiyo. Kwa anayesimama wima, matumbo huisukuma kila anapokohoa au kuinua gunia, na siku moja utumbo hupenya. Wanaume wengi huificha hali hii kwa haya, wengine wakiiona kama aibu ya nyumbani. Ni udhaifu wa muundo, hurekebishwa kwa upasuaji wa kawaida, na hatari yake kubwa huja utumbo unaponaswa na kukosa damu. Hapo saa chache tu hutosha kuleta kifo.

Kuhusu uzazi, maelezo yamebadilika katika miaka ya karibuni. Iliaminika kwamba nyonga ya mwanamke ni nyembamba kwa sababu ya kutembea, ilhali kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa sababu ya akili, na mambo hayo mawili yakagongana. Baadhi ya wataalamu sasa wanasema kwamba lishe, urefu wa mama na kiasi cha nguvu anachoweza kumpa mtoto vina uzito wake pia. Lisilopingwa ni kwamba sokwe huzaa akiwa peke yake na kwa nafasi ya kutosha, ilhali mtoto wa binadamu hulazimika kugeuka akipita, na karibu kila jamii ya watu ina mkunga.

Sokwe si babu

Hoja inayorudiwa mara kwa mara mitaani ni kwamba ikiwa watu walitokana na sokwe, kwa nini sokwe wangalipo. Wanasayansi hawasemi hivyo. Wanachosema ni kwamba sokwe na binadamu ni ndugu waliotokana na babu mmoja ambaye hayupo tena. Mwaka 2005, Sally McBrearty na Nina Jablonski walitangaza kupatikana kwa meno ya sokwe katika tabaka za Kapthurin, karibu na Ziwa Baringo, yenye umri wa miaka 545,000 hivi. Yalikuwa mabaki ya kwanza ya kale ya sokwe kutambuliwa popote duniani. Leo sokwe wa mwituni hawapo Kenya. Walio karibu wako Uganda. Lakini wakati huo waliishi ndani ya Bonde la Ufa, katika mazingira yale yale waliyoishi jamaa wa binadamu. Nadharia iliyopendwa kwamba bonde hilo ndilo lililowatenga, sokwe wakabaki msituni magharibi na watu wakazaliwa nyikani mashariki, ilitikisika vibaya.

Upinzani mwingine ni wa kidini. Mwaka 2006, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yakiwa katika ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka visukuku vya wazee wa binadamu visipewe nafasi ya mbele. Makavazi yalifunguliwa upya mwaka 2008, na visukuku vikaonyeshwa. Si waumini wote walio na msimamo huo. Papa John Paul II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Katika shule za Kenya, mtaala wa 8-4-4 uliliweka somo hili katika baiolojia ya kidato cha nne, mwaka ambao mwanafunzi ana haraka kuliko wakati wowote, na wengi wamelikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa kwamba sehemu ya ushahidi wake iko mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nakuru.

Mapengo makubwa bado yapo. Kati ya Nacholapithecus na Orrorin kuna karibu miaka milioni 9, na katika kipindi hicho visukuku vya Afrika ni vichache mno. Taya la Nakalipithecus, lililotangazwa mwaka 2007 kutoka Nakali upande wa kaskazini wa bonde, lina takriban miaka milioni 9.8 na limejaza sehemu ndogo tu. Kwa upande wa Orrorin, mifupa ambayo ingemaliza ubishi ni ya nyonga na ya wayo, na hakuna hata mmoja wa aina hiyo uliopatikana. Tabaka za Lukeino ni laini, na kila msimu wa mvua maji hukata makorongo mapya katika miteremko ya Tugen, yakifunua mifupa mingine na kuibeba mingine kabla hakuna aliyeiona.